Orodha Iliyorudi na Watu Wote

Kabla ya vita, Domitille alikuwa akiuza vitenge katika soko kuu la Bunia, na kilichomtofautisha na wauzaji wengine hakikuwa vitenge, maana marobota yao yote yalishushwa kutoka lori moja. Kilichomtofautisha ni daftari. Kila aliyenunua kwake aliandikwa: jina, kata, avenyu, rangi anayoipenda, mtoto yupi atapata komunyo mwaka gani. Robota jipya likifika, Domitille hakupaza sauti sokoni. Aliandika vikaratasi na kuvipeleka nyumba kwa nyumba, kwa kuwa posta ya Bunia ilishakufa zamani na hakuna aliyejisumbua kuizika. Wenzake walimcheka sana. Ikifika saa sita mchana alikuwa amemaliza kuuza, nao walikuwa wamemaliza kucheka.

Vita vilikula vitenge, vikala meza, vikala na soko. Daftari lilibaki, kwa sababu Domitille alijifunga nalo tumboni siku aliyokimbilia Beni, mwezi wa tano 2003. Wengine walibeba masufuria. Yeye alibeba majina mia moja arobaini na mawili, na la kwanza kabisa, juu ya ukurasa wa kwanza, lilikuwa la mdogo wake, Arlette, wa kata ya Rwambuzi.

Arlette hakukimbia naye. Risasi ziliukata mji vipande siku ile, mmoja akawa huku, mwingine kule. Miezi mitatu Domitille alilitembeza jina la mdogo wake Beni yote, parokiani, hospitalini, kwa madereva, akateremka mpaka Oicha na Eringeti walikojaa wakimbizi. Hakuna aliyemjua Arlette. Mwezi wa nane, mji ulipotulia kidogo kwa sababu ya askari wageni, alirudi Bunia, na huko kila mtu alikuwa na habari yake. Mmoja alimwona kambini karibu na uwanja wa ndege. Mwingine aliapa kwamba yuko nyumbani kwake Rwambuzi, anapika kama kawaida. Wa tatu alimshika Domitille mkono, akampa pole. Kwenda kujionea mwenyewe hakuweza, kwa maana watu wa kabila lake walikuwa bado hawathubutu kuvuka mji mpaka Rwambuzi. Basi akawa hajui alie au afurahi, na hali hiyo ilimchosha kuliko msiba.

Wakati huo ndipo Katsuva alipomtafuta. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, amefika na malori mawili ya magodoro, na mji huo yeye hakuufahamu.

"Mama, magodoro niko nayo," alisema. "Batu beko, lakini sijuwe beko wapi. Banasema weye uko na kitabu ya majina."

"Kitabu haiuzwe."

"Sitaki kununua. Unikodishe tu. Mara moja."

Domitille alifikiri, kisha akatoa masharti. Katsuva atanakili majina kwenye bahasha, na kwenye karatasi moja ya mpeleka barua, palepale mezani kwa Domitille, mwenyewe akiangalia. Atayatumia mara moja, basi. Katsuva akaingiza mkono mfukoni.

"Franga zako bakia nazo," Domitille akamwambia. "Ule mwenye atapeleka barua, aandike pembeni ya kila jina: iko, ao haiko. Kisha unirudishie hiyo karatasi. Hiyo njo bei yangu."

Katsuva alimwona ni mtu aliyeguswa na vita kichwani, lakini bei kama hiyo haina haja ya kubishaniwa. Barua aliitunga mwenyewe, na alikuwa mtu anayependa maneno yenye uzito. "Jina lako limo katika orodha yetu. Hatukukusahau. Fika depo yetu ya magodoro Jumamosi saa mbili na barua hii, upate godoro." Chini kabisa, karatasi ikiwa inamwishia, akabana kwa herufi ndogo: "kwa bei ya urafiki." Halafu akapiga fotokopi.

Wa kuzipeleka alipatikana mzee Lambert. Alikuwa fakteri, mpeleka barua, enzi za posta, na kofia yake alikuwa nayo bado. Kwao ni Niania, mbali kule msituni, kwa hiyo hakuna upande uliomhesabu kuwa wake wala kuwa adui, akawa anapita kata zote kama maji. Alizunguka siku tano. Ijumaa akaja kumkabidhi Domitille karatasi, amevaa kofia, amesimama wima.

Domitille aliangalia mstari wa kwanza. Arlette, Rwambuzi: iko.

Alikaa chini. Alilia kwa furaha, bila haya, na Lambert akageuza uso kwa heshima. Alipopangusa macho akaendelea kusoma, kwa sababu mtu aliyepewa jambo jema hutaka kuliona tena na tena. Iko. Iko. Iko. Aligeuza karatasi. Iko mpaka mwisho. Majina mia moja arobaini na mawili, vita vya miaka minne, na hakuna hata mmoja aliyekosekana. Valérie, aliyehamia Kisangani na watoto wake wote kabla mambo hayajaharibika, iko. David, fundi cherehani wa avenyu ya pili, iko. Sasa huyo David, Domitille alisimama kaburini kwake mwaka uliopita na kutupa udongo kwa mkono wake.

"Papa Lambert, David njo alipokea barua?"

"Alipokea. Alisema aksanti."

"Alikuwa namna gani?"

Lambert alikumbuka kwa uangalifu. "Mwanamuke kijana, na mutoto ku mugongo."

"Na weye hukushangaa?"

"Mama, miye ni fakteri. Ninauliza: David iko? Banajibu: iko. Fakteri haanze kubishana na mulango."

Domitille aliogopa kuuliza linalofuata, akauliza. "Na Arlette?"

"Mwanamuke."

"Mwanamuke wa namna gani?"

"Alifungua mulango kidogo tu, mama. Niliona mukono."

Akili ya Domitille ilizunguka mpaka asubuhi. Kama wote wapo, basi hakuna aliyepo. Lakini kama David hayupo na ameandikwa yupo, hiyo haimaanishi kwamba Arlette hayupo. Alipofika hapo alianza tena mwanzo, na kila mara alitokea mahali tofauti.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alikuwa tayari mbele ya depo ya Katsuva, akamkuta Katsuva mwenyewe mlangoni, mdomo wazi. Mstari ulikuwa umefika barabarani na kukunja kona. Hakuna aliyesukumana. Wamama mbele, wazee pembeni, kila mtu na barua yake, wengine na magunia matupu. Katsuva aliona utajiri unakuja kwa miguu. Akafungua, akamwita wa kwanza, na yule mama badala ya kutoa pesa akanyoosha kidole gumba.

"Hii ni ya nini?" Katsuva akauliza.

"Ya wino. Nitie kidole."

"Franga iko wapi?"

"Franga ya nini? Jina yangu iko mu liste."

Domitille akaelewa, na kichwa kikamuuma kwa kuelewa. Katika miezi ile, Bunia, karatasi yenye jina lako ilitoka mahali pamoja tu, kwa wale wa msaada wanaogawa unga, mafuta na mashiti ya kuezekea, ukishagonga kidole. Orodha ikisomwa, mwenye jina akawa hayupo, jirani huitikia, ili fungu lisirudi kwenye lori. Huitikia kwa ajili ya aliyekimbia, na hata kwa ajili ya aliyekufa ikiwa ameacha watoto. Hakuna aliyeuita huo uongo. Kukaa kimya jina likipita ndiko kulikoonekana roho mbaya. Na Katsuva, kwa maneno yake yenye uzito, alikuwa ameusomea mji mzima orodha.

"Ku Oicha nilipeleka magodoro kwa bakimbizi," Katsuva alikuwa akilalamika kwa yeyote anayesikiliza. "Padri alilipa, kila mutu akatia sinyatire ya mukono ku jina yake, tukaachana muzuri. Ni hapa tu batu banitafutia wazimu."

Domitille alimsikia kwa sikio moja. Alipita kando ya mstari, akisoma bahasha moja moja mikononi mwa watu, mpaka akaliona jina. Mkono ulioishika haukuwa wa Arlette. Ulikuwa wa mwanamke mrefu, mwembamba, asiyemjua.

"Weye njo Arlette?"

"Njo miye."

"Wa Rwambuzi?"

"Njo miye, mama."

Domitille alitaka kumpiga kofi. Alitaka pia kumshika asimwachie, kwa sababu aliyelishika jina lile alikuwa karibu na mdogo wake kuliko yeye. Alisema tu, "Arlette ni mudogo yangu. Tumbo moja."

Mwanamke akaishusha barua. Hakukimbia. "Basi weye njo yaya Domitille, mukubwa yake," akasema polepole. "Alisema siku moja utakuya."

Wakasogea pembeni, nyuma ya lori. Mwanamke aliitwa Immaculée Kahindo. Wazazi wake walikuwa watu wa Butembo waliofuata biashara ya dhahabu Kilo, na kutoka Kilo alikimbia mpaka Bunia bila kitu chochote ila karata yake ya ubatizo. Arlette alimfungulia mlango. Walijificha siku tisa ndani ya nyumba ile. Nje, kwenye barabara ya Beni, vijana wenye bunduki walikuwa wameweka kizuizi, wanasoma majina, na jina la ukoo wa Arlette lilitosha kumshusha mtu garini asipande tena.

"Tukabadilishana," Immaculée akasema. "Miye nikamupa karata yangu. Kahindo ni jina ya Butembo, ku ile barriere balikuwa banaiacha inapita. Yeye akaniachia funguo na jeton ya kupokelea chakula. Akaniambia, mutu akikuya na liste, uitikie, jina yangu isikufe."

"Alipita?"

"Dereva alirudia, akaniambia alipita. Alienda kukutafuta Beni, yaya."

Domitille alishika ubavu wa lori. Furaha ilimjia na uchungu ukiwa umeishika nguo. Miezi mitatu alikuwa akipita Beni na Oicha akiita Arlette, Arlette, mbele ya kila mtu, na Arlette, kama alikuwepo, alikuwa amejifunza kutogeuka akisikia jina hilo. Huenda walisimama kwenye foleni moja ya maji. Huenda sauti ilimfikia bila uso, akaogopa mtego, akaondoka. Na sasa amtafuteje? Simama katikati ya soko la Beni uite Kahindo, uone vichwa vitakavyogeuka.

Alimkuta Katsuva amekaa juu ya godoro lake mwenyewe, amechoka. Alikuwa ameuza manne.

"Ile liste ya bakimbizi ba Oicha, uko nayo?"

"Niko nayo. Juu ya nini?"

"Unikodishe. Mara moja tu."

Katsuva alimtazama Domitille, akamtazama na mwanamke aliyesimama nyuma yake. Akaingia ndani akaleta karatasi. Walikaa watatu wakazipitia kwa kidole, wakakuta akina Kahindo ishirini na tisa. Lambert alipoitwa alikubali kupanda lori la Jumatatu la kwenda Oicha, na kofia yake.

"Nitaandika nini pembeni?" akauliza. "Iko, ao haiko?"

"Bote batasema beko, papa. Usiandike kitu. Weye angalia tu ule mwenye atasoma, kisha ashindwe kukujibu."

Domitille akavuta kiti. Jina la Arlette hakuthubutu kuliandika, kwa kuwa karatasi zingepita barabara ileile. Akaandika mara ishirini na tisa, kwa mkono wake, bila fotokopi:

"Kahindo, mwenye kukupa karata ni mzima, analinda nyumba. Domitille yuko Bunia. Kama jina hili si lako, rudi nyumbani."