Yaya Asiyejua Kiwelisi

Bi Kijakazi alikuwa mwanamke wa maneno. Akitumwa mkate hapo mtaani kwake, Jeddah, alirudi mkate umepoa, maana kila mlango alikuwa na mtu wa kumjulia hali: nani kajifungua, nani kapata ikama mpya ya ukaazi, nani kagombana na kafili, mdhamini wake wa kazi. Kwa hiyo siku aliposema amepata kazi ya yaya ambayo sharti lake la kwanza ni kunyamaza, majirani walicheka mpaka wakashika mbavu.

Kazi yenyewe ilikuwa mtaa wa Al-Hamra, katika nyumba kubwa ambayo mume wa mwajiri wake mpya, Madam Nerys, alipewa na kampuni. Chumba cha chini madam alikuwa amekifanya chekechea. Haikuwa chekechea ya Kiingereza wala ya Kiarabu. Ilikuwa ya Kiwelisi, lugha ya Welisi, nchi ndogo iliyo ubavuni mwa Uingereza, ambako watu wana lugha yao wenyewe na wanahangaika isiwapotee. Wazazi waliofuata kazi Saudia walimletea madam watoto wao wadogo, wengine wangali na nepi, ili wasije wakarudi kwao wageni.

Habari hizo alizileta Kipchumba, dereva wa nyumba ile, siku alipompa Bi Kijakazi lifti kutoka hospitali.

"Mama, hawa watu ni serious," alisema. "Wanatafuta cheti cha ubora. Inspekta anatoka huko kwao kuja kuwaona. Na sasa wanataka yaya."

"Lugha ndogo kuliko yetu?"

"Ndogo sana. Na watoto wanaiongea hapa hapa Jeddah."

"Basi nipeleke."

"Kwani unatafuta kazi, mama?"

"Sitafuti kazi. Nataka kwenda kuiba."

Kipchumba nusura apande ukingo wa barabara.

"Kuiba siri, mwanangu," Bi Kijakazi akamtuliza. "Nikajue wanafanyaje."

Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo iliitwa Amal. Amal alikuwa mjukuu wake wa pekee, binti wa Ghalib, mwanawe aliyehamia Riyadh kusimamia maghala kule Al-Sulay. Wazazi wa Bi Kijakazi walitoka Unguja mwaka sitini na nne, yeye akiwa tumboni. Hawakuwahi kubeba mengi, lakini Kiswahili walikibeba, na nyumba ile ya Jeddah ikakaa nacho miaka yote. Sasa kilikuwa kinaishia kwenye simu. "Hujambo, mjukuu wangu?" Bi Kijakazi huuliza, na Amal, aliyemwelewa vizuri, humjibu kwa Kiarabu kitamu kama asali. Naye bibi, kwa mapenzi, humfuata huko huko kwenye Kiarabu, kisha simu ikikatika akabaki anaitazama. Mwaka unaofuata Amal angeingia shule. Bi Kijakazi aliona wazi kwamba shule ikishamchukua, halas, imekwisha.

Madam Nerys alimpokea vizuri. Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa kuona haya, na kila asubuhi alimtengenezea Bi Kijakazi chai kwa mkono wake kabla watoto hawajafika. Langoni waliongea Kiingereza cha kuokoteza na Kiarabu cha sokoni, wakaelewana. Lakini ndani ya chumba, madam alieleza huku akishika moyo, lisisikike neno ambalo si la Kiwelisi. Akamfundisha maneno machache ya kazi: mkate, maji, maziwa, viatu, njoo. Akamfundisha na *da iawn*, yaani vizuri sana. "Mengine yote, Mama Kijakazi, tafadhali, nyamaza tu."

Akanyamaza. Mwezi wa kwanza alidhani atapasuka. Watoto wakishakwenda ndipo huingia jikoni kwa Wangari, mpishi, na kuyamwaga yote.

"Shosho, leo umebeba mengi," Wangari humwambia, akimwita bibi kwa lugha ya kwao. "Umekuwa bubu wa mshahara!"

"Hebu niache weye. Kuna mtoto leo kaniwekea zabibu sikioni, na miye sina hata neno la kumwambia toa."

"Na ile siri? Umeiiba?"

Hapo Bi Kijakazi hupunguza sauti. Alikuwa ametazama kwa makini, na kila akitazama alizidi kupotea. Madam alikuwa na picha ukutani, nyimbo, vikaragosi vya kitambaa, na alisema Kiwelisi toka asubuhi hadi watoto wanapochukuliwa. Na watoto walimwelewa, lakini walimjibu Kiingereza. Akiuliza rangi kwa Kiwelisi, wanamtajia rangi kwa Kiingereza. Akiwaimbia, wanapiga makofi na kuomba wimbo wa katuni. Madam hakuwafokea hata siku moja, ila wakishatoka hukaa kwenye kale kakiti kadogo, magoti yamemfika kidevuni, na kujifutafuta macho.

"Kwa hiyo hapa hakuna siri," akasema Wangari.

"Ipo. Hawa ndio watu wa cheti. Miye tu ndiye sijaiona."

Siku moja uani, Cadi, msichana wa miaka minne mwenye nywele za rangi ya tangawizi, alikwaruzika goti. Damu ikatoka. Bi Kijakazi alimkimbilia, na "pole mwanangu" ikamfika kwenye ncha ya ulimi akaimeza. Mtoto analia, mikono imenyooshwa, anangoja neno. Bi Kijakazi akatafuta kichwani, akaona mkate, akaona viatu. Mwishowe akampapasa mgongo na kumwambia kwa upole wote wa moyo wake:

"*Da iawn.*"

Cadi akaacha kulia kwa mshangao. Akatazama goti lake, akamtazama huyu bibi anayesifia damu, kisha akamwinulia kidole na kuanza kumweleza. Alieleza kwa Kiwelisi, kirefu, kwa mkazo, goti ni nini, damu ni nini, na mtu akiumia huambiwa nini. Wenzake wakaja kuongeza. Walikwisha kumtazama mwanamke huyu siku nyingi wakaona hasemi Kiingereza, hasemi Kiarabu, na Kiwelisi chenyewe ni cha kusuasua. Wakamwonea huruma. Toka siku ile wakamfanya mwanafunzi wao. Wakitoka uani kila mmoja anamshika pindo la nguo, anamwonyesha kitu, anamtajia. Akikosea wanacheka mpaka wanagaragara. Walimwita Nain, yaani bibi kwa lugha yao. Madam Nerys hakuyaona hayo, maana wakati wa uani yeye hubaki ndani akikata picha za somo linalofuata, na watoto wakirudi chumbani huvaa tena Kiingereza chao.

Inspekta akatangaza siku ya kuja. Madam akapaka chumba rangi upya, akapunguza kula, na asubuhi ya siku yenyewe akamwita Bi Kijakazi langoni. Uso ulikuwa umemwiva.

"Mama Kijakazi, leo upumzike jikoni na Wangari. Si kwamba wewe ni mbaya. Ila akikuuliza kitu kwa Kiwelisi..."

"Nimefahamu, madam. Usijali."

Hakukasirika. Alichoogopa ni kwamba leo siri itatolewa hadharani naye atakuwa jikoni. Akaacha mlango wazi kidogo, akaketi anatega sikio huku Wangari akimcheka.

Bi Gwenda, inspekta, alikuwa mama mfupi wa makamo, viatu vya kutembelea, sauti ya chini. Aliketi sakafuni na watoto na kuwasemesha Kiwelisi. Wakamjibu Kiingereza. Akawaonyesha kitabu. Wakamsifia kitabu kwa Kiingereza. Madam Nerys akaimba, peke yake, mpaka ubeti wa mwisho. Bi Gwenda aliandika kidogo, akatabasamu, akaandika tena, na tabasamu lile lilikuwa la mtu anayeaga mgonjwa.

"Nain yuko wapi?" Cadi akauliza, kwa Kiingereza vilevile.

Akainuka, akausukuma mlango wa jikoni, akamwona Nain wake kaketi karibu na sinki. Mvua ikafunguka. Nain, kuna mwanamke amekuja, ana viatu vikubwa, anaongea kama madam, anaandika, hajui hata mchezo mmoja, na mbona wewe umekaa huku, unaumwa? Yote kwa Kiwelisi, bila kupumua. Wenzake wakamfuata mbio, mmoja anamvuta mkono, mwingine anamlalamikia mkate. Jikoni kukawa sokoni, na soko lile halikuwa na neno hata moja la Kiingereza.

Bi Gwenda alikuwa amesimama mlangoni. Akamwuliza Bi Kijakazi kitu kwa Kiwelisi, sentensi ndefu.

"*Da iawn,*" akasema Bi Kijakazi.

"Nain haelewi ukienda haraka," Cadi akamweleza mgeni, kwa Kiwelisi. "Sema polepole. Hii lugha tu ndiyo anajifunza, maskini."

Bi Gwenda akageukia Kiingereza, kwa adabu. "Mama, umetoka wapi? Umefanya kazi hapa muda gani?"

Bi Kijakazi alikielewa. Alitaka kumjibu mgeni kama watu wanavyojibu wageni, tangu Unguja mpaka Jeddah, na miezi mizima ya maneno ilikuwa imemjaa kifuani. Lakini macho yote madogo yalikuwa yanamtazama kinywani. Akachukua kipande cha mkate, akampa inspekta mkononi, akamtajia jina la mkate kwa Kiwelisi.

"Ameweza!" watoto wakapiga kelele.

Walipokwisha kuchukuliwa wote, Madam Nerys alikiri mwenyewe, kwa Kiingereza ili yaya naye asikie, kabla hajaulizwa. Yaya hajui Kiwelisi. Ana maneno ya kuhesabika. Amemficha jikoni kwa aibu. Bi Kijakazi alikuwa anaosha vikombe, mgongo kwao, sikio kwao.

Bi Gwenda alicheka mpaka akavua miwani. "Nerys, wewe wanajua unajua Kiingereza. Wahangaike kwa nini? Huyu machoni pao hana lugha nyingine. Wanamsemesha kwa sababu wakimwacha atabaki peke yake."

Kikombe kikatulia mkononi mwa Bi Kijakazi. Miezi yote ile alikuwa ameitafuta siri katika picha na nyimbo na vikaragosi, kumbe ilikuwa imevaa baibui lake. Akamwona Amal kwenye simu. Nani aliyemfungulia mtoto mlango wa Kiarabu kila mara, akamshika na mkono kumpitisha?

"Wangari," akanong'ona, "mjinga ni mimi."

"Aki shosho, na hiyo si siri."

Cheti kikaja. Kilisifu chekechea ya Al-Hamra kwa ubora wa hali ya juu wa malezi kwa Kiwelisi, na hasa umahiri wa mwalimu wake. Bi Gwenda alikuwa ameandika yake yote kwa ukweli, lakini kamati iliyoketi huko Welisi, iliyoijua Jeddah kwenye ramani tu, iliongeza pendekezo moja chini: yaya apelekwe masomo haraka iwezekanavyo mpaka akijue Kiwelisi vizuri, kisha afundishwe kuwaelekeza watoto kwa Kiingereza pale wanapokwama. Madam Nerys alilisoma langoni kwa sauti, mara mbili, wakatazamana, akalikunja na kulitia mkobani. Halikutajwa tena.

Sherehe ya cheti ilifanyika Riyadh, kwenye ukumbi wa hoteli. Madam akasema haendi bila Mama Kijakazi, akamkatia tiketi ya ndege, akamketisha mbele. Hotuba zote za kuisifu lugha ya Kiwelisi zilitolewa kwa Kiingereza, kwa heshima ya wageni. Ilipofika picha, Madam Nerys alimvuta yaya wake na kumpa cheti akishike yeye.

"Nilikupeleka jikoni," akamwambia. "Nisamehe."

"Mafi mushkila, madam, hakuna taabu. Huko jikoni ndiko nilikopata nilichokifuata."

Jioni ile Ghalib akaja kumchukua mama yake kwenda kukaa naye siku chache. Mkewe alikuwa zamu hospitali, lakini wali na mchuzi wa samaki alikwisha kuviacha tayari. Ghalib alianza kwa Kiarabu toka garini, kama ilivyo desturi yake: safari, joto, bosi. Bi Kijakazi akatazama barabara. Ghalib akarudia. Bi Kijakazi akamgeukia na uso wa mtu aliyeteremka mji asioujua.

"Wasemaje, mwanangu?"

Ghalib akacheka. Hakucheka muda mrefu.

Nyumbani Amal akamrukia bibi na kuomba zawadi, kwa Kiarabu. Bibi akambusu, akamkumbatia, na hakuelewa. Amal akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akarudia tena sikioni, mikono imefanywa tarumbeta. Kisha akamtangazia baba yake kwamba bibi ameziba masikio.

"Mama, huyu mtoto anakujua," Ghalib akasema, kwa Kiarabu. "Juzi tu kwenye simu umeongea naye. Utamdanganya nani?"

"Wasemaje?"

Na hilo lilikuwa kweli, Bi Kijakazi alilifikiria akiwa amekaa mkekani. Cadi hakuwahi kumsikia akisema kingine. Amal alikwisha kumsikia miaka minne. Alikuwa amechelewa, na cheti hakina dawa ya kuchelewa. Mtoto alikuwa ameketi pembeni, midomo mbele, amenuna.

Ghalib akaonja mchuzi. Akakunja uso. Akaomba kitu kwa Kiarabu, na mama yake akamsogezea ndimu. Akatikisa kichwa, akaonyesha. Akapewa pilipili.

"Mama, mimi nataka..." akaanza kwa Kiswahili, akakwama; miaka ya Riyadh ilikuwa imemla maneno. Mtu mzima, msimamizi wa maghala, jasho likamtoka. "Nataka ile... nyeupe. Ya kutia. Mama, ile!"

Akapewa sukari.

Amal alikuwa ameacha kununa. Alimtazama baba yake, akamtazama bibi, akamtazama tena baba yake anavyochezesha vidole hewani kama anayenyunyiza kitu. Akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka akashindwa kujizuia.

"Chumvi!" akapiga kelele. "Bibi, Baba anataka chumvi! Hajui kusema!"

Bi Kijakazi akampa chumvi, kama aliyeambiwa jambo la kila siku. Hakumsifia. Hakuthubutu hata kumtazama.

"Mama, halas," Ghalib akasema, kwa Kiarabu, akicheka na kupangusa jasho. "Umeshinda. Halas."

Bi Kijakazi akamgeukia mjukuu wake.

"Amal, hebu nisaidie. Baba yako anasemaje?"