Nyamongo Alivyohamisha Bekari Yake

Mwaka wa 1971 hapakuwa na mtu Keroka asiyeijua mikate ya Nyamongo. Madereva wa malori ya kwenda Kericho walisimama mlangoni kwake asubuhi kununua skonzi zikiwa bado na moto. Sifa hizo zilimpanda kichwani. Akakopa, akanunua pikapu ya kupeleka mikate Masimba na Nyaramba. Na kwa kuwa sasa alikuwa mtu wa pikapu, akaona viti vya mbao havimfai tena. Akakopa mara ya pili, akanunua makochi.

Jambo moja tu lilimshinda. Alitaka kuweka hati ya shamba rehani ili akope zaidi, na mkewe, Persis, akakataa katakata. Alisema watoto hawatalala ndani ya pikapu. Walinuniana siku kadhaa, lakini hati ikabaki sandukuni.

Mvua ya Aprili ndiyo iliyoharibu mambo. Karibu na Nyaramba pikapu iliteleza kwenye tope, ikabingirika hadi mtoni. Nyamongo alitoka na mchubuko wa kiwiko. Mikate ilichukuliwa na maji, na watu wa kule chini walisimulia muujiza huo kwa muda mrefu. Alipokwenda kuulizia bima, aliambiwa kwamba aliyokata ni ile ya bei nafuu, inayowalipa watu uliowagonga, si gari lako wewe.

Tangu hapo akawa anakopa kwa huyu kumlipa yule. Alikuwa na deni la unga kwa Subhash, mwenye duka la jumla Kisii mjini. Deni la makochi. Na deni kubwa kuliko yote lilikuwa la Omwenga, mfanyabiashara aliyemkopesha pesa za pikapu. Akimwona mmoja wao akija, Nyamongo alitokea uani na kumwacha Persis aseme hajui alikokwenda. Mwishowe Omwenga akatuma salamu kwamba anakwenda kortini, Nyamongo atangazwe kuwa amefilisika.

Neno hilo lilimkata maini. Akaamua kuficha vitu kwa shemeji yake Nyaramba kabla dalali wa korti hajafika. Persis alimwambia kwamba hilo ni kosa juu ya kosa, lakini hakusikia. Alikodi lori, akapakia beseni la mbao la kukandia unga, trei za kuokea, magunia ya unga na makochi, kisha akapanda juu akaketi kwenye kochi kama chifu.

Hawakwenda mbali. Njiani walikuta Peugeot imekwama topeni, imeziba barabara, na mwenyewe amesimama kando, suruali ameikunja hadi magotini. Nyamongo alipomtambua Subhash, alijilaza kwenye kochi na kujifunika turubai. Dereva wa lori, ambaye hakujua lolote, akapaza sauti: "Nyamongo, shuka tusukume gari la mzee."

Akashuka. Walisukuma mpaka gari likatoka, nalo likamrushia Nyamongo tope usoni. Subhash alifuta miwani yake taratibu, akalitazama lori.

"Unahama, Nyamongo?"

Nyamongo alijibu kwamba anapeleka vitu kwa fundi Nyaramba vikatengenezwe. Subhash akauliza kama Nyaramba kuna fundi wa kutengeneza unga. Dereva akacheka, na Nyamongo, kwa aibu, akajikuta naye anacheka. Kisha Subhash akawa hana mzaha.

"Sikia, rafiki yangu. Ndugu ya baba yangu alifilisika Kisumu. Kufilisika hakukummaliza. Sheria inamwachia mtu vyombo vya kazi kiasi, nguo, na matandiko. Kilichommaliza ni kuficha mali. Korti ilijua, ikamhesabu mwizi, na yule aliyemfichia akakataa kurudisha."

"Sasa nifanye nini, Bwana Subhash?"

"Rudi. Ita sisi wote siku moja, sema ukweli wote. Mimi nataka pesa yangu. Tanuri yako ikipoa, nitalipwa na nani?"

Lori likageuza. Nyamongo alikuwa na tope mpaka masikioni, lakini kifua chake kilikuwa chepesi kuliko ilivyokuwa tangu mvua ianze. Persis alipomwona akishusha vitu alikwenda kuwasha tanuri.

Wadai walikuja Jumapili alasiri, wakakalia yale makochi yaliyokuwa hayajalipiwa. Nyamongo alisimama akataja kila deni, hata yale ambayo hakuna aliyeyajua. Omwenga alikasirika, akasema bado atakwenda kortini. Persis akamsogezea sahani ya skonzi.

"Mzee Omwenga," alisema kwa upole, "wakili akilipwa, dalali naye akilipwa, wewe utabaki na nini hapa?"

Omwenga alitafuna huku anafikiri. Akachukua skonzi nyingine. Alipofika ya tatu alikuwa ameshakubali kuchukua mabaki ya pikapu auze injini. Makochi yalirudishwa dukani. Madeni yaliyobaki yangelipwa kidogo kidogo kila Ijumaa, na wote wakatia sahihi, ili asitokee mtu wa kubadili maneno baadaye. Nyamongo akaahidi kutokopa popote mpaka amalize.

Persis naye aliweka sharti lake. Pesa za bekari zitakaa mbali na za nyumbani, naye ndiye atakayezishika. Nyamongo atalipwa mshahara kama mfanyakazi yeyote. Basi ikawa mwenye bekari akitaka soda katikati ya wiki, anasubiri Ijumaa. Watu wa Keroka walimcheka sana, naye akawa anacheka pamoja nao. Mikate ya Masimba ikaenda kwa punda, aliyenunuliwa kwa pesa taslimu, na ambaye hakuteleza hata mara moja.

Ilichukua karibu miaka mitatu. Siku aliyopeleka malipo ya mwisho Kisii, Nayna, mke wa Subhash, alimpikia chai ya tangawizi. Subhash akamwambia kwamba sasa anaweza kuchukua unga wowote anaotaka kwa mkopo, hata lori zima.

Nyamongo alitazama magunia yaliyopangwa mpaka darini. Akashukuru, akalipa mawili taslimu, akaomba asaidiwe kuyafikisha kwenye steji ya magari ya Keroka.