Kifuniko cha Mashine ya Kabichi

Saa tatu na robo asubuhi, Jumatano, karoti ya kwanza iliingia kwenye mashine ya rangi ya fedha na kutoka nyuzinyuzi. Sekunde nne. Mizani aliandika nne kwenye daftari.

Jina hilo alipewa na wenzake jikoni, kwa kuwa hakuamini kitu kisichopimwa. Yeye na dada yake waliendesha jiko lililopeleka saladi ya kabichi na karoti kwenye ofisi sita. Kwa miaka kumi na mmoja dada ndiye aliyekwaruza mboga, kwa mkono. Mwezi uliopita kifundo cha mkono wake wa kulia kilivimba, na daktari akakata shauri: kikwaruzio basi. Ama ipatikane mashine, ama aache kazi. Dada hakutaka kuacha, na Mizani hakuwahi kufanya kazi bila yeye.

Kwa hiyo alikuja dukani amejiandaa: karoti kilo mbili, kabichi tatu, rula na saa.

"Mama, wenzako huja na mkoba," muuzaji alisema. "Wewe umekuja na shamba zima!"

"Shamba halinidanganyi. Washa."

Mashine ya fedha ilimaliza kabichi kwa dakika moja na nusu, nyuzi zote unene mmoja. Mashine nyeupe ya pembeni yake ilichukua dakika mbili na sekunde kumi.

"Lakini hii kifuniko chake unabonyeza tu, kinafunguka chenyewe," muuzaji aliitetea nyeupe. "Watu wazima wanaipenda."

"Sijaja kununua kifuniko."

Dada hakuwepo. Mizani alimwacha makusudi, akijua angelalamikia bei mpaka watoke mikono mitupu.

Alhamisi jiko zima lilishangilia. Dada aliipapasa mashine ya fedha mgongoni kama mtoto wa kwanza. Kifuniko chake kilizungushwa kwa nguvu mpaka kilie tak, la sivyo mota haikuwaka. Siku hiyo Mizani alikifunga na kukifungua mwenyewe, na hakuona tatizo.

Ijumaa alimsikia dada akimwita mwosha vyombo. "Hebu nifungulie, mdogo wangu." Jumatatu aliita mara tisa. Mizani alihesabu.

"Dada, siku hizi mimi bawabu," mwosha vyombo alitania. "Nishonee na sare basi!"

Walicheka wote, dada akiwemo. Jumanne hakuita mtu. Mizani alimkuta stoo, kikwaruzio mapajani, kifundo kimefungwa kitambaa, beseni la karoti limefika nusu.

"Dada, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, na wewe ulivyoifurahia?"

"Ningeibadilisha."

"Ulipima karoti, ukapima kabichi." Hakuwa na hasira. "Mkono wangu ulikuwa hapahapa, mdogo wangu. Ungeniita tu."

Mizani alipiga hesabu kichwani. Sekunde arobaini kwa kila kabichi: ndizo alizookoa.

"Binti yangu ananiita nikamsaidie kulea," dada aliendelea. "Nimemwambia keshokutwa nakwenda."

"Ningoje nirudi dukani."

"Nenda," dada alisema, asiseme kama atangoja.

Jumatano walikuwa na oda mbili kubwa, Mizani hakupata nafasi. Alhamisi saa nne alikuwa dukani. Muuzaji alimweleza kwa upole kwamba mashine iliyokwisha kutumika hairudishwi. Mizani alilipia nyeupe vilevile. Kabla haijafungwa kwenye boksi, alibonyeza kifuniko kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kilifunguka. Akakifunga, akabonyeza tena.

Saa sita na nusu alifika kwa dada akiwa ameikumbatia. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani alisema basi lilikuwa la saa sita.

Alipiga simu mara nne. Saa tisa kasoro dakika tano ilipokelewa. Dada alisema amepata kiti cha dirishani, na kwamba kabichi za kesho zilikuwa bado hazijaoshwa. Kisha simu ikakatika.