Kikombe cha Shemasi

Kila Jumapili, ibada ikishakwisha na vyombo vya chai vikishaoshwa, Shemasi alivua aproni yake nyeupe, akatia chupa ya chai na kikombe chake cha bati kwenye kikapu, akashika njia ya baa. Waliomjua hawakushangaa. Baa ilikuwa ya mdogo wake wa tumbo moja, ambaye mtaa mzima ulimwita Kizibo, na Shemasi alikwenda kumhubiria.

Alikuwa mpishi wa hospitali mpaka alipostaafu: mwanamke mpana wa mabega, mwenye sauti iliyozoea kushindana na masufuria. Kanisani walimkabidhi meza ya chai, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Nalo kanisa lao lilikuwa na msimamo juu ya wenye dhambi: watembelee, waombee, ila usile nao wala usinywe. Shemasi aliutia chumvi msimamo huo kwa maneno yake mwenyewe. "Daktari huenda kwa mgonjwa," alisema, "lakini halali naye kitanda kimoja."

"Daktari gani wewe, dada," Kizibo alimjibu huku akifuta kaunta. "Hujanigusa hata paji la uso ukajua kama nina homa."

"Homa yako mtu anaisikia toka barabarani. Inanuka bia."

Wakacheka wote wawili, maana walipendana, hilo halina mjadala. Shemasi ndiye aliyembeba Kizibo mgongoni utotoni, mama yao alipokuwa hajiwezi.

Basi alikaa kwenye kiti cha plastiki pale mlangoni, akamimina chai yake kwenye kikombe chake, akanywa, akahubiri. Nyuma ya pazia, jikoni, mke wa Kizibo alikuwa akichemsha chai ya tangawizi. Harufu ilipenya chini ya pazia, ikavuka sakafu, ikaja kumkaa Shemasi puani. Chai ya kanisani, tuseme ukweli, ilikuwa maji yaliyoonyeshwa majani kwa mbali.

Mwanamke yule alikuwa mhudumu wa baa kabla ya kuwa mama wa nyumba ile, na ndoa yao haikupita kanisani wala kwingineko. Kila Jumapili alichungulia na kusema, "Karibu chai, wifi."

"Ninayo yangu, mama."

Mama. Hakumwita wifi hata siku moja.

Jumapili moja Kizibo alimsindikiza dada yake mpaka nje. "Mwenzangu anataka kuja kanisani," akasema. "Wiki ijayo."

"Haleluya! Unaona? Haba na haba—"

"Ngoja kwanza. Anaogopa. Hata usingizi haupati. Nami nakwambia mapema, dada: akirudi hapa analia, hapa usije tena. Nitakupenda kwa mbali, kama unavyotupenda wewe."

Shemasi alicheka, lakini aliyesindikizwa alirudi nyumbani na mzigo. Wiki nzima maneno yale yalimtembea kifuani. Hakuwa na ndugu mwingine duniani.

Jumapili ikafika, na mke wa Kizibo akaja. Alivaa gauni refu lililofungwa vifungo mpaka kooni, na joto lote lile. Akakaa nyuma kabisa. Wanaume kadhaa wenye heshima zao, waliomfahamu vizuri toka upande wa pili wa kaunta, ghafla wakaanza kuchunguza mbao za dari kama mafundi. Ibada ikaenda, ikamalizika salama.

Kazi ilikuwa kwenye chai.

Ukumbini mgeni aliketi mwisho wa benchi, karibu na mlango. Waliokuwa wameketi benchi hilo wakakumbuka kila mmoja shughuli yake. Shemasi akiwa mezani aliliona benchi likipukutika, akanyakua kikombe cha udongo, akakijaza.

Mwenyekiti wa akina mama akamnong'oneza, "Hicho unampelekea yule? Vya plastiki viko chini ya meza."

Kabla Shemasi hajajibu, mgeni alifungua mkoba wake. Akatoa chupa ya chai. Akatoa na kikombe kipya, kibandiko cha dukani bado kimeng'ang'ania ubavuni. Akajimiminia taratibu, kwa adabu kubwa.

"Mbona umejiletea?" Mwenyekiti akauliza.

"Kwani si ndiyo desturi yenu?" Mgeni akatazama huku na huku, akiogopa kwamba amekosea. "Wifi yangu akija kwetu huja na chake. Nikajua watu wa kanisa kila mtu na kikombe chake. Nimekinunua jana, nisije nikamwaibisha."

Shemasi aliuchunguza uso ule apate kejeli. Alitamani aikute, kejeli angeijibu. Hakuikuta.

"Heri huyu," Mwenyekiti akasema, akiinamisha kichwa kwa kuridhika. "Anajua mipaka yake."

Sifa hiyo ndiyo iliyomchoma Shemasi. Akaweka birika chini, akaizunguka meza, akaketi kwenye benchi, nalo likalia.

"Wifi," akasema. Neno lilitoka kama mwiba wa samaki, na lilipotoka koo likapata nafuu. "Nipe nionje."

"Kikombe ni hiki kimoja, na nimeshakinywea."

"Nimeona. Lete."

Akanywa, ukumbi mzima unamtazama. Akafumba macho. "Ala! Miaka yote hii nimekuwa nikinusa tu!"

"Shemasi!" Mwenyekiti alikuwa amesimama. "Baada ya hayo utahudumia vipi meza yetu?"

"Kama meza haina nafasi ya wifi yangu, aproni ile pale msumarini. Bwana alikula kwa watu waliosemwa hivi hivi, dada yangu, na sijasikia popote kwamba alibeba kikombe chake."

"Tutalizungumza barazani."

"Zungumzeni. Na mkizungumza, itieni tangawizi ile chai yenu."

Ajuza mmoja akasogea benchini na kikombe chake kitupu. Kwa ajili ya tangawizi tu, akasema, watu wasije wakamfikiria vingine.

Walirudi baa pamoja, Shemasi na wifi yake, naye wifi alilia njia nzima. Kizibo alikuwa mlangoni. Akayaona yale macho mekundu, uso ukamkunjika.

"Dada. Nilikwambia nini?"

"Hebu nyamaza wewe!" mkewe akamkata. "Mtu halii ila kwa ubaya? Leta kitu cha kunywea, wifi yangu ana kiu."

Kizibo akaitazama mikono mitupu ya dada yake. "Kikombe chake kiko wapi?"

"Nimekiacha kanisani," Shemasi akasema. "Baraza litakihitaji kwa ushahidi."

Kwenye kaunta hakukuwa na vikombe, na Kizibo hakungoja vya jikoni. Chai ikaletwa kwenye bilauri kubwa ya bia, ya kahawia, na povu lake juu. Shemasi akaishika kwa mikono miwili, akavuta kiti cha plastiki mpaka kaunta, katikati ya hao wawili. Hakuhubiri. Kizibo akamgusa paji la uso kwa kiganja kumpima homa.

Wakati huohuo Mwenyekiti akapita barabarani, anakwenda kwake. Akaona mlango wazi, akaona bilauri.

Shemasi akainyanyua juu. "Karibu, Mwenyekiti!"

Mwenyekiti akaongeza mwendo. Lakini penye kona, Shemasi anaapa mpaka leo, mama yule aligeuka, akainua pua, akanusa.