Mgongo wa Kochi

Hakuwa na ofisi. Hakuwa na meza yenye jina lake, wala kiti cha kuzunguka, wala mtu wa kuwaambia wageni kwamba bosi yuko kwenye kikao. Hakuwa na mume, jambo ambalo shangazi yake alilikumbusha kila aliposhika kikombe cha chai. Hakuwa na kucha ndefu, maana kucha ndefu na bunduki ya kupigia pini kwenye makochi hazikai nyumba moja. Hakuwa na gari, na viatu vyake vya kutokea vilikuwa vilevile vya kazini, vimepigwa brashi tu. Kubwa kuliko yote, kwa maoni ya ukoo mzima, hakuwa na cha kuonyesha baada ya kwenda chuo kikuu na kurudi na shahada ya falsafa.

Alichokuwa nacho ni jina. Mtaa mzima ulimwita Profesa, na haukumwita hivyo kwa heshima.

"Profesa," wateja walimtania, "kochi langu hilo. Lifikirie kwanza, ulishone baadaye."

"Nimeshalifikiria," alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sindano. "Linasema limechoka kukaliwa na mtu wa maneno mengi."

Karakana ilikuwa ya baba yake, fundi makochi. Ilikuwa chumba kirefu kilichonuka gundi na mbao mbichi, vipande vya sponji vimelundikwa hadi darini. Profesa alikuwa ameomba kazi kila alikosikia kuna mlango. Kwingine walitaka uzoefu, kwingine walitaka mtu wa hesabu, kwingine walimuuliza falsafa ni ugonjwa wa sehemu gani ya mwili, wakacheka wenyewe. Asubuhi moja akashika sindano kubwa, akakaa karibu na baba yake, amsaidie kwa wiki moja tu. Wiki ile haikuisha.

Basi mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Mziwanda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa marehemu mama yao, naye akapata nafasi chuoni. Alitaka kusoma historia. Chuo kilikuwa tayari kumlipia ada, kwa hiyo fedha haikuwa neno. Kilichotakiwa ni barua moja ya kukubali nafasi, yenye sahihi ya mzazi, na siku ya mwisho ya kuipeleka posta ilikuwa Ijumaa ile. Isipopelekwa, nafasi anapewa mwingine.

Lakini katika familia ile sahihi haikuwekwa kabla Baba Mkubwa hajasema. Alikuwa kaka yake fundi, mwenye duka la vipuri vya magari, na neno lake lilikuwa kama breki: akikanyaga, gari lote linasimama, waliolala ndani wanaamka.

Ijumaa hiyo akaja. Vikao vya familia vilifanyika karakanani, na kulikuwa na sababu. Fundi hakuwahi kutoa kochi kabla halijakaliwa kwa muda mrefu na mtu mzito, huku yeye ametega sikio asikie kama springi zinalia. Na mtu mzito kuliko wote kwenye ukoo alikuwa Baba Mkubwa. Kwa hiyo kila kikao kilifanya kazi mbili: familia inajadili, kochi linapimwa.

Siku hiyo lilikuwapo kochi la kijani la mwenye nyumba ya wageni, lililokuwa lichukuliwe jioni. Baba Mkubwa akajitupa juu yake, akajisogeza huku na huku, akaegemea.

"Mdogo wangu, hapa umefanya kazi," alisema. "Hili lina mgongo. Mengine unaegemea unazama kama jiwe kisimani. Hili linakushika, linakuambia, mzee, kaa kama mtu."

Fundi alitabasamu, akaendelea kutunga uzi. Shangazi alikaa kwenye stuli. Mziwanda alisimama karibu na cherehani, barua mkononi.

"Sasa," Baba Mkubwa alisema, "historia. Hao watu waliokufa, mwanangu, wanaajiri?"

"Hawaajiri, Baba Mkubwa," alijibu Mziwanda.

"Vizuri, tumeelewana. Njoo dukani kwangu. Mwaka mmoja tu, utajua kila kipuri kwa kukigusa. Sikuchukii. Naona vijana mtaani, wana shahada, wameketi ukutani kama nguo zilizoanikwa zikasahaulika. Wazazi wao wananijia wanalia. Sitaki baba yako alie mara mbili."

"Nimelia lini?" aliuliza fundi.

"Unalia ndani kwa ndani. Nakujua tangu tukinyang'anyana blanketi." Akamgeukia Profesa. "Na wewe, mama wa kufikiri, usinitazame hivyo. Ulisomea nini hasa? Nieleze tena, labda leo nitaelewa."

"Kuuliza maswali, Baba Mkubwa. Na kutokubali jibu kwa sababu tu aliyelitoa ana sauti kubwa."

Shangazi alikohoa ndani ya kikombe.

"Mtoto wa miaka mitatu anauliza maswali kutwa," Baba Mkubwa alisema, "na hajafika hata chekechea. Lete hiyo shahada. Iweke hapa katikati, mdogo wako aione vizuri. Tuiulize imemletea mtu nini."

Profesa akainuka bila kusita. Mtu wa kazi nyingine angeweka shahada kabatini, au angeitundika ukutani ifubazwe na jua. Yeye, mtoto wa fundi makochi, alikuwa ameiweka ndani ya jalada lake jeusi, akaisukuma katikati ya kadibodi ngumu kwenye rafu ya nyuma, maana hakuna mahali ambapo karatasi inanyooka na kukauka kama pale. Akapekua kadibodi za juu. Akapekua za chini. Akarudi mikono mitupu.

"Haipo," alisema.

"Haipo?" Baba Mkubwa aliinua nyusi. "Imekwenda kutafuta kazi?"

Fundi alikuwa ameacha kutunga uzi. Sindano ilibaki hewani. "Mwanangu, iliwekwa ndani ya nini?"

"Jalada jeusi, baba. Gumu."

"Pembe zake zimekatwa mviringo?"

"Ndiyo."

Fundi alimtazama kaka yake. Hakumtazama usoni, alitazama mahali mgongo wake ulipokutana na kochi.

"Kaka, hebu inuka kidogo."

"Niinuke wapi, na mimi ndiyo kwanza nimestarehe?"

"Kadibodi za kutia mgongoni za kipimo kile zilikuwa zimeisha," fundi alisema taratibu, kama anayejisimulia mwenyewe. "Nikavuta iliyokuwapo. Nilishangaa, nikasema leo nimepata iliyokatwa tayari. Ikaingia pale nyuma bila kupunguzwa hata kidogo."

Baba Mkubwa akapapasa nyuma yake, akaelewa alichokuwa ameegemea. Akapiga goti kwa kiganja, akacheka mpaka springi zikacheka naye.

"Basi imepata kazi! Jamani, tumeiombea kote huko, kumbe ajira yake iko hapa. Inashika mgongo wa mzee."

Shangazi akacheka. Profesa naye akacheka, kwa sababu jambo lilikuwa la kuchekesha na yeye hakuwa mtu wa kukinyima kicheko haki yake. Ni Mziwanda peke yake aliyeinama akaitazama barua yake, akaanza kuikunjakunja, kama karatasi isiyo na safari.

Fundi alikuwa ameshashika kisu cha kufumulia. "Nisamehe, mwanangu. Naitoa sasa hivi."

"Acha, baba."

"Nitafumua mshono wa nyuma tu."

"Kitambaa kile kikitobolewa mara ya pili kitaonyesha, na mwenye kochi anakuja jioni. Acha ibaki humo." Profesa alikichukua kile kisu mkononi mwa baba yake, akakiweka mezani. Kisha akamgeukia Baba Mkubwa. Sauti yake haikupanda.

"Baba Mkubwa, umeiita shahada ije ijibu. Haiwezi kuja, wewe mwenyewe umeikalia. Nitajibu mimi. Kwanza nikuulize. Watu wanasema elimu yangu imepotea. Kitu kikipotea, kuna aliyekuwa nacho na sasa hana. Ni nani huyo?"

"Wewe."

"Mimi ninacho. Ile ni karatasi, na hata ikienda kukaa nyumba ya wageni, sikusahau nilichosoma. Mbona silii?"

Baba Mkubwa alijisogeza mbele, mgongo ukaachana na kitambaa.

"Kukosa kazi ni kweli," Profesa aliendelea, "na kunauma, sitakudanganya. Kuna siku nilirudi hapa sitaki kuona mtu. Hao vijana wa ukutani nao wanaumia. Lakini mvua ikikataa kunyesha, tunalaumu jembe? Mlinitazama nikishona, mkasema kumbe alisoma bure. Kwani mshonaji haruhusiwi kuwa na kitu kichwani? Nani aliamua kwamba kufikiri ni kwa wenye viti vya kuzunguka tu? Baba Mkubwa, nakuheshimu, lakini hilo silikubali. Hata nikishona makochi mpaka meno yaishe mdomoni, sikupoteza kitu. Na sitakubali jina langu litumike kumfungia mdogo wangu mlango."

"Maneno matamu," Baba Mkubwa alisema, ila hakucheka. "Maneno hayaliwi."

"Hata kiburi hakiliwi," fundi alisema.

Wote wakamgeukia. Fundi hakuwa na kawaida ya kumjibu kaka yake. Alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja baada ya kingine.

"Nimeshona humu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi," alisema. "Jioni nilikuwa naongea na pini. Huyu aliporudi, akaanza kuniuliza. Baba, kwa nini unafanya hivi? Kwa nini usifanye vile? Unaonaje, mtu akitenda jema kwa kuogopa watu, ni jema? Mwanzoni nilikasirika. Sasa nikilala, nina jambo la kuwaza, na nikiamka nina wa kumwambia. Kaka, umesema nalia ndani kwa ndani. Kama hicho ndicho kilio, nataka mwingine wa kuniliza. Mziwanda, hiyo barua."

Mziwanda aliikunjua haraka, akainyoosha kwa kiganja juu ya meza. Fundi alitafuta miwani, akaikosa, akasaini bila miwani. Sahihi ikapanda kilima kidogo, lakini ilikuwa yake.

Baba Mkubwa alikuwa bado amekaa ukingoni mwa kochi, mgongo mbali na kitambaa, kama mtu aliyeambiwa kuna rangi mbichi. "Mtoto ni wako," alisema hatimaye. "Nimesema nilichoona. Akirudi hana kazi, duka langu lipo." Akamtazama Mziwanda. "Nani anajua, labda wafu wake watahitaji vipuri."

"Asante, Baba Mkubwa," alisema Mziwanda.

Taratibu, bila mwenyewe kutambua, mgongo wa Baba Mkubwa ukarudi ukaegemea. Fundi akatega sikio. Springi hazikulia.

Barua ikatiwa kwenye bahasha, lakini bahasha haikushika kwa mate. Profesa akachukua kopo la gundi ya sponji, akapaka mstari mwembamba kwa ncha ya kijiti, akakunja mdomo wa bahasha na kuibana kati ya kadibodi mbili, baba yake akaweka nyundo juu.

"Hiyo haitabanduka," fundi alisema. "Huko chuoni watatumia msumeno."

Jioni, mwenye kochi alipofika kulipakia, dada na mdogo wake wakatoka kuelekea posta. Kwenye kona, gari dogo la mizigo liliwapita likiwa limebeba kochi la kijani, limefunikwa nailoni, mgongo wake umenyooka juani. Profesa aliliinulia mkono kama anayeaga mtu aliyepata uhamisho.

"Hutakiandikia chuo kikupe shahada nyingine?" Mziwanda aliuliza.

"Nikihitaji nitaandika. Leo tuna barua yetu."

Kisanduku cha posta kilikuwa na mdomo mwembamba wa bati. Bahasha, kwa unene wa gundi, iligoma katikati. Profesa akaisukuma kwa kidole kigumu cha mshonaji, mpaka wakaisikia inaangukia barua nyingine.