Kikomo cha Matope

Nimezunguka mashamba mengi, lakini akili kama ya Kaltuma sijaiona tena. Mwaka wa themanini na saba, katika shamba la mkonge karibu na Takaungu, kompyuta ya ofisi ilitunyima Idi: eti tukipumzika, mkonge uliokatwa utaharibika kabla ya kufika kiwandani.

“Basi mwanangu, tuswali juu ya tela?” akauliza mzee Msellem, dereva wetu.

Kaltuma, karani aliyeendesha mtambo huo wa kompyuta, akacheka. “Ami, tela lako hubeba matita mangapi?”

“Sitini. Arubaini ni wakati wa matope.”

“Kumbe! Nje kumekauka, humu mtamboni bado kuna matope.” Akafuta arubaini, akaandika sitini, wala hakugusa kingine. Safari za tela zikapungua, mtambo ukapanga upya kazi yote iishe mapema, na Idi ikabaki wazi.

Msellem akaenda kupiga pasi kanzu.