Darasa Uani kwa Nkhono 'Malikeleli

Kijijini Ha Phakoana, juu milimani mwa Lesotho, mwalimu 'Me Khopotso, yaani Mama Khopotso, hakuwahi kukosa kiti. Akiingia msibani, mtu ananyanyuka. Akienda kwenye pombe ya mavuno, mtoto anatumwa mbio kutafuta kiti, kinafutwa vumbi kwa pindo la blanketi, anakalishwa peke yake karibu na mlango. Na mazungumzo yaliyokuwa yakitokota yanapoa kama uji ulioepuliwa. Wanaume wanakohoa. Wanawake wanaulizana habari za theluji. Mwalimu akiona hivyo huaga mapema, na kabla hajauvuka ukuta wa mawe husikia nyuma yake kicheko kimefumuka upya.

Hakuwalaumu. Walimpenda kwa namna yao, namna ya kumpenda mtu kwa mbali. Alikuwa mtu wa bondeni, wa Mafeteng, mjane asiyejaaliwa mtoto. Wenzake wawili wa shuleni walikuwa na wake zao na mashamba yao hapo hapo kijijini; kengele ya mwisho ikilia, kila mmoja alishika njia ya kwake. Yeye alivuka uwanja tu, akaingia katika nyumba ya mwalimu, akawasha moto wa samadi kavu, akasonga papa, ugali wa mtu mmoja.

Darasani ndipo alipokuwa mtu kamili. Alifundisha la tatu na la nne katika chumba kimoja, la tatu wakitazama ubao wa upande huu na la nne ubao wa upande ule, yeye katikati akigeuka-geuka kama mtu anayeota moto tumbo na mgongo. Lakini kusoma na hesabu vilikuwa nusu tu ya kazi. Kila asubuhi, kabla hajashika chaki, aliwapitia kwa macho: nani anakohoa, nani kaja na blanketi bichi, nani jana alikuwa anacheka na leo hacheki. Aliwakata kucha. Aliwapaka mafuta midomo iliyopasuliwa na baridi. Aliwaamulia ugomvi wa kipande cha chaki na ugomvi wa mama zao uliokuja shuleni kwa midomo ya watoto.

Kwa hiyo Keneuoe, msichana wa darasa la nne, alipokosekana siku ya pili, mwalimu aliuliza.

"Nkhono wake ameanguka, 'Me," mtoto mmoja akajibu. "Upande mmoja umekufa. Hata mdomo umekwenda huku." Akauvuta mdomo wake kuonyesha, wenzake wakacheka, mwalimu akawakata jicho.

Mchana huo alipanda mteremko. Nyumba ya Nkhono, bibi yake Keneuoe, ilikuwa ya mwisho juu, ya mviringo, imezungushiwa ua wa matete mbele kukinga upepo. Mama yake msichana alikuwa akifanya kazi za ndani kwa watu huko Bloemfontein, Afrika Kusini; pale palikuwa na bibi na mjukuu, basi. Mwalimu alifika akihema, akainama mlangoni.

"Nani huyo anapumua kama ng'ombe wa jembe?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Ni mimi, Nkhono. Mwalimu."

"Mwalimu hana jina? Mama yako alivyokuzaa alikuita Mwalimu?"

"Khopotso, Nkhono."

"Haya, Khopotso, ondoka hapo mlangoni, unanizibia jua. Kaa chini. Na ukishakaa nikune mgongo, maana huyu mjukuu wangu ananikuna kama anapapasa yai."

Khopotso akakaa juu ya ngozi ya kondoo, akamkuna bibi mgongo. Kwa muda hakujua lipi limemgusa zaidi, kuketi chini kama watu au kuitwa jina lake tupu. Tangu mumewe azikwe, hakuna aliyemwita hivyo.

Keneuoe alikuwa anapepeta mtama kwenye kona. "Siwezi kuja, 'Me," akasema kabla hajaulizwa. "Nikija, nani atamgeuza? Akijikojolea nani atamfuta?"

Mwalimu alishuka na swali hilo, akalala nalo, akaamka nalo. Asubuhi alikwenda kwa mwalimu mkuu, Ntate Sekhonyana, mtu mpole aliyeogopa mambo mapya kama anavyoogopa radi.

"Nataka baada ya mapumziko niwe nalichukua darasa langu juu, kwa Nkhono 'Malikeleli," akamwambia. "Wasomee uani. Keneuoe asome huku anamwangalia bibi yake."

"'Me Khopotso, shule ina kuta."

"Ina kuta, Ntate. Na mtoto ana bibi."

"Mtu akivunjika mguu kwenye mteremko ule?"

"Nitatembea nyuma yao."

Ntate Sekhonyana akakuna kidevu, akatazama dirishani, akakuna tena. "Mimi sijasikia kitu," akasema. "Nilikuwa nahesabu viti."

Ndivyo lilivyoanza darasa la uani. Watoto walipanda wakiwa wamebeba ubao mdogo na magogo ya kukalia. Matete yalizuia upepo, jua likawapasha migongo. Nkhono alilazwa karibu kabisa na mlango, amefunikwa mablanketi mawili, akisikiliza. Kusikiliza kimya, hata hivyo, hakukuwa katika tabia zake.

"Mbuzi kumi na saba," mwalimu akawapa swali, "wakigawiwa watu wanne sawasawa, kila mtu atapata wangapi, na watabaki wangapi?"

Vidole vikahesabiwa chini ya mablanketi.

"Anabaki mmoja!" Nkhono akadakia kutoka ndani. "Na huyo mmoja anachinjwa, jamani! Watu wanne wamegawana mbuzi bila ugomvi, halafu wasile nyama?"

Watoto wakaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka mpaka akaegemea ubao. Walimtazama kwa mshangao. Hawakujua kuwa naye anaweza. Keneuoe alitoka ndani na kitambaa kibichi mkononi, akaandika jibu ubaoni, akarudi ndani kwa bibi yake. Hakuwahi kukosea kugawanya. Aliandika haraka, kisha akalifuta jina lake chini ya jibu, asije akaonekana anajidai.

Vuli nzima ilipita hivyo, mpaka mkaguzi wa shule alipofika bila taarifa. Alikuta chumba kitupu na Ntate Sekhonyana akibabaika. Wakapanda wote wawili. Mkaguzi alikuwa kijana wa koti la kijivu, viatu vyake vya mjini vikiteleza kwenye mawe, na alipofika uani hasira zilikuwa zimemfika kooni.

"Ni nani aliyekuruhusu kuhamisha darasa la serikali kulileta nyumbani kwa watu?"

Ntate Sekhonyana aliutazama mlima kana kwamba ndiyo kwanza auone. Khopotso akafungua mdomo, lakini mwingine alimtangulia.

"Mwambieni huyo mwenye sauti ya tarumbeta aingie anisalimie kwanza! Kwao hawasalimu?"

Mkaguzi akababaika, akavua kofia, akainama kuingia. Alikaa humo kitambo. Alipotoka, sauti ilikuwa imeshuka. Akamwita mwalimu kando ya ukuta.

"'Me, nimekuelewa. Mungu anajua nimekuelewa. Lakini mtoto mmoja akiteleza hapa, mzazi hatamuuliza bibi mgonjwa. Atakuuliza wewe. Na siku hiyo mimi sitaweza kukutetea."

Khopotso hakubisha. Juma lililotangulia kitoto cha darasa la tatu kilikuwa kimeteleza kweli, kikachanika goti, akalifunga kwa kitambaa chake cha kichwa na kuwaomba wenzake wakishike mkono mpaka chini. Mtoto wa mwenzio ni amana. Akivunjika, hakuna gundi. Kesho yake darasa likarudi ndani ya kuta.

Yeye mwenyewe hakuacha kupanda. Kila siku kengele ikishalia alifunga mlango wa darasa, akashika njia ya mteremko. Alimfundisha Keneuoe yale aliyokosa, kisha wakamwosha bibi pamoja, wakamgeuza, wakamkalisha. Nkhono alidai anyweshwe motoho, uji wa mtama, mchachu hasa, si huo wa watu wa bondeni wanaoogopa kukunja uso. Alimsimulia Khopotso mambo ya ujana wake, wachumba aliowakataa, farasi aliyemwangusha mbele ya wakwe. Na siku moja, Keneuoe akiwa kisimani, alimwuliza:

"Jua likizama unaongea na nani, Khopotso?"

"Nasahihisha madaftari, Nkhono."

"Sikukuuliza unafanya nini. Nimekuuliza unaongea na nani."

Khopotso aliendelea kukoroga kibuyu cha motoho ambacho hakikuwa na haja ya kukorogwa. Nkhono akanyosha mkono wake ule mzima, akamshika kifundo cha mkono. Wakakaa hivyo mpaka msichana akarudi na maji.

Baridi iliingia. Asubuhi moja uwanja ulikuwa mweupe kwa sakitu, na darasa la nne lilikuwa linasoma kwa sauti, pale mlango uliposukumwa. Keneuoe alisimama kizingitini bila blanketi.

"'Me," akasema, "Nkhono haamki."

Sauti za kusoma zikakatika. Watoto wote walimgeukia mwalimu, si Keneuoe. Walitaka kumwona mtu mzima anafanyaje. Khopotso akajua wazi: machozi ya mwalimu mbele ya darasa ni paa linalovuja, kila mtoto atatazama juu, hakuna atakayejiona salama. Akavua blanketi lake mwenyewe, akamfunika msichana, akamkumbatia. Akawaambia la tatu wanakili ubaoni. Akawaambia la nne wafunge vitabu, wasimame, wamwombee Nkhono 'Malikeleli aliyewapa ua wake. Walipomaliza, alimwita Ntate Sekhonyana aje akae nao, ndipo akapanda na Keneuoe. Sauti yake haikutetemeka hata mara moja. Njiani, mkono wa msichana ukiwa ndani ya wake, alitamani itetemeke.

Mazishi yalifanyika Jumamosi. Mama yake Keneuoe alikuwa amefika kutoka Bloemfontein, macho yamevimba kwa safari na kilio. Mwalimu mkuu alimwomba Khopotso aseme machache kwa niaba ya shule, naye akasema, akamsifu jirani aliyewapokea wanafunzi, watu wakaitikia kwa kichwa: kweli mwalimu anajua kusema. Kisha akapanga foleni pamoja na wengine kuwapa mkono wafiwa. Aliwashika wote mkono, akawaambia wote pole. Kwa upande wake hakukuwa na mtu wa kumwambia, kwani alikuwa amefiwa na nani? Alikuwa mwalimu wa mjukuu.

Akaenda kwenye jiko la nje, ambako wanawake walikuwa wanakoroga masufuria makubwa, akashika mwiko ulioegemezwa.

"Aa, 'Me, hapana!" mmoja wao akaruka, akauchukua mwiko mkononi mwake kwa heshima zote. "Usijichafue. Nenda kapumzike, tutakuletea."

Akaenda kupumzika.

Siku mbili baadaye gari la abiria lilipanda mpaka chini ya kijiji, likasubiri. Mama yake Keneuoe alikuwa anamhamishia bintiye kwa dada yake huko wilayani Leribe. Khopotso alishuka nao, akiwa amejitwika mzigo mmoja, na njiani akamwuliza yule mama.

"Huko atasoma?"

"Atasoma, 'Me. Kwanza azoee nyumba, halafu tutaona."

"Mama, nisamehe. Asizoee kwanza. Mtoto wa msiba akikaa nyumbani akizoea, nyumba nayo inamzoea, kazi hazimwachii tena. Kesho kutwa awe darasani." Akashusha pumzi. "Na umwambie mwalimu wake mpya hivi: Keneuoe anajua hesabu kuliko anavyoonyesha. Hanyoshi mkono. Lazima aulizwe. Anapohuzunika hali chakula, anaumwa tumbo. Na asikalishwe nyuma, jicho lake la kushoto halioni vizuri mbali."

Mama alisimama katikati ya njia. "Jicho?"

"La kushoto."

"Mimi mama yake sijui," yule mwanamke akasema taratibu, wala haikuwa hasira. Akageuza uso, akakaza mwendo kwenda kuongea na dereva.

Wakabaki wawili kando ya barabara, mwalimu na mwanafunzi. Keneuoe alikuwa amevaa viatu vikubwa kuliko miguu yake. Akachezea pindo la blanketi, kisha akanyosha mikono miwili kama wafanyavyo watu wazima, akamshika mwalimu wake mkono.

"Pole, 'Me," akasema.

"Mwanangu, mimi ndiye wa kukupa wewe pole."

"Mimi wamenipa wengi. Wewe sijamsikia mtu akikupa."

Khopotso akamvuta mtoto kifuani, akamficha uso kwenye blanketi, asimwone. Dereva akapiga honi. Keneuoe akapanda, akapungia kwenye kioo chenye vumbi, na gari likaanza kuteremka likipinda na mlima mpaka likamezwa na kona. Hapo, barabarani peke yake, mwalimu akalia. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia wenye haki ya kulia, na hakuna aliyemsikia ila kondoo.

Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya darasa kabla hajashika chaki, akawapitia kwa macho, la tatu huku, la nne kule. Nafasi ya Keneuoe alikuwa ameshawasogeza wenzake waijaze. Pengo likiachwa wazi, watoto hulitazama siku nzima.

"Nani hajanywa uji leo?" akauliza.

Mikono miwili ikanyanyuka, na wa tatu, ukisitasita. Akawapeleka nyumbani kwake kwenye chungu kilichobaki moto, kisha akarudi kufundisha kugawanya.

Alasiri, kengele ilipolia na uwanja ulipokwisha watu, miguu yake ilishika njia ya mteremko yenyewe, na yeye hakuizuia. Mlango wa nyumba ya juu ulikuwa umezibwa kwa miba. Ndani ya ua wa matete jua lilikuwa bado lipo. Akakaa chini, akaegemea ukuta.

"Leo la tatu wamenishinda, Nkhono," akasema kwa sauti.

Upepo ulipita juu ya matete. Akakaa pale mpaka kivuli kikamfika magotini, kisha akashuka kwenda kuwasha moto wake.